Siku Nne za Ngazija

Verediana aliponiambia anataka kwenda likizo, nilidhani amekosea neno. Nikamuuliza likizo ya nini. Akasema likizo tu, ya kwenda mahali, kukaa, na kurudi. Nilicheka hadi nikamwaga mchele niliokuwa nauchagua. Sisi watu wa Buzebazeba, hapa Kigoma, hatuna likizo. Tukichoka tunaugua, tukipona tunarudi kazini, na hayo ndiyo mapumziko yetu.

Yeye hakucheka. Tangu afiwe na mumewe amekuwa akitandika vitanda kwenye hoteli moja pale juu ya ziwa, wanakofikia Wazungu wakitoka kuangalia sokwe. Anatandika, wanatandua. Anajua kulikunja taulo likawa bata, na wageni hulipiga picha lile bata, yeye hawampigi.

"Dada Marcelina," aliniambia, "nataka nilale kwenye shuka alilotandika mtu mwingine. Niamke, nitoke, niliache hivyo hivyo limevurugika. Siku nne tu."

Mahali pa kwenda alikuwa napo. Yasmini, binti wa Ujiji aliyesoma naye shule ya msingi, aliolewa na mfanyabiashara wa Kingazija akahamia huko Ngazija, kile kisiwa cha Komoro ambacho chote ni mlima wa moto uliochomoza baharini. Kila mara anamtumia ujumbe wa sauti, na Verediana hufungulia simu kwa nguvu hadi mtaa mzima unasikia. Mlima unafuka moshi kileleni. Mchanga wa ufukweni ni mweusi kama masizi. Mawe yaliyowahi kutiririka kama uji sasa watu wamejenga juu yake na wanaanika nguo. Yasmini aliahidi tiketi na chumba. "Wewe njoo na pasi ya kusafiria tu," alisema, "shuka nitakutandikia mwenyewe."

Basi akapanga. Sijaona mtu akipanga vile, hata harusi. Aliomba ruhusa hotelini, wakampa baada ya kumuuliza kama anaumwa. Alishona gauni la kitenge cha Kongo, la bluu, lenye mikono mipana. Alimuuliza padri kama ni dhambi kuupanda mlima wenye moto, padri akamjibu kwamba dhambi ni kuuogopa kuliko Mungu, jibu ambalo hakuna aliyelielewa kati yetu. Mimi nilipewa kazi ya kuwaangalia wanawe, Meshack na Frida. Begi lilikaa mlangoni limefungwa kabla hata hajajua pasi inaombwaje.

Siku ya kwenda kuiomba nilimsindikiza. Kijana wa dirishani pale Uhamiaji hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo ingawa ingekuwa rahisi kumtukana, na ulimi wangu watu wanaujua. Alikuwa mgeni Kigoma, mcheshi, akamwona Verediana amekauka midomo kwa woga, akamuuliza kwa utani kama amekunywa chai.

"Nimekunywa," Verediana akasema. "Na mkate na avoka."

Kalamu ikasimama.

"Mkate na nini?"

"Na avo... na parachichi."

Sokoni kwetu wengi tunasema avoka. Tumelipata neno hilo kwa Warundi na Wakongo tunaouza nao, na lenyewe halina pasi, linaingia na kutoka litakavyo. Anayeulizwa ni yule aliyelitamka. Kijana aliacha utani. Akauliza jina la baba, akaambiwa ni marehemu. Akauliza la babu.

"Ntahomvukiye," Verediana akasema. "Wa Kagunga."

Nyuma ya kijana kulikuwa na karani, mama mmoja Muha mwenzetu, anapanga majalada. Kijana akamgeukia. Jina hilo ni la huku au la ng'ambo ya mpaka, Burundi? Karani akasema ni la pande zote mbili. Maana yake nini? Yule mama akasita, akatutazama, akasema, "Ni kama kusema hakuna nilikozaliwa."

Majina ya namna hiyo sisi tunayajua. Mtu akigombana na majirani, humpa mtoto jina la kuwajibu, ili kila anapomwita aje kula, jirani asikie kwamba amesemwa. Baba yake Ntahomvukiye alinyimwa shamba na ndugu zake mwenyewe, mkewe akajifungua ugomvi ungali wa moto, na ile hasira ikawa jina la mtoto. Habari yote ni hiyo. Verediana alijaribu kuieleza, akaanza katikati, akarudi mwanzo, na nyuma yetu watu wakaanza kuguna kwenye foleni. Kwa yule kijana, ukoo mzima ulikuwa umekiri kwa mdomo wake kwamba haukuzaliwa popote.

"Mama, huyo babu amezikwa wapi?" aliuliza, kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Niletee barua ya mtendaji wa kijiji, aseme kaburi lipo na ameliona kwa macho yake. Kitambulisho chako kitabaki kwenye jalada mpaka hapo. Watoto wako wanaitwa nani?"

Akaandika majina yao.

Tulipotoka, Verediana alikaa kwenye ukingo wa mtaro kama mtu aliyekatwa miguu. Meshack alikuwa anasubiri nafasi ya chuo, Frida ndiyo kwanza ameanza sekondari. Baba yao angeweza kuwasemea, lakini wafu hawaendi dirishani.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Nilitaka siku nne tu, Marcelina. Nimewaingiza watoto."

Nilimwambia asiseme hivyo. Moyoni niliogopa kuliko yeye. Ukikaa Kigoma ukatandika vitanda vyako, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Balaa ni kutaka kutoka.

Tulipanda boti ya Kagunga pale Kibirizi, katikati ya kreti za soda na magodoro. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu, la Ngazija, kusudi mtendaji amwone ni mtu. Njiani alipata nguvu kidogo. Alinisimulia kaburi lenyewe. Baba yake alilimwagia zege nene na kulisimikia msalaba, chini ya michikichi, mahali ambapo mzee alikuwa akitengeneza nyavu zake. Alipokuwa mtoto alikuwa anakaa juu yake akimenya mihogo. "Zege lile haliwezi kwenda popote," alisema, na akatabasamu.

Tulipokaribia kijiji aliinuka akatazama. Michikichi ilikuwa imesimama ndani ya ziwa, mingine imekauka vichwa, maji yakiwa kiunoni mwake.

Wote tulijua kwamba ziwa limepanda. Hata Kibirizi lilikula majengo. Na Verediana alipigiwa simu, nakumbuka, mwaka ule maji yalipokuwa yakikaribia michikichi. Alijibu kama tulivyojibu wote: ziwa hupanda, ziwa hushuka, litarudi kwake. Kagunga waliokuwa na wana wenye nguvu walifukua mifupa ya watu wao wakaihamishia mlimani. Yeye baba yake alishakufa, kaka hana, na hoteli ilikuwa imejaa wageni.

Mtendaji aliitwa Leodgar, mzaliwa wa Kidahwe, mtu wa heshima. Alikuja ufukweni na mhuri wake mfukoni mwa shati.

"Liko wapi, mama?"

Verediana alinyoosha kidole ziwani.

Leodgar alitazama maji, akatutazama, akauliza kama kuna mtu anayelijua. Alikuwepo Mzee Telesphory, jirani yao wa zamani, anaanika dagaa hatua chache kutoka tuliposimama. Verediana alimwendea mbio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, mwambie mtendaji. Wewe na babu mlikuwa mkivua chombo kimoja. Mwambie alizikwa wapi."

Mzee aliendelea kutandaza dagaa. "Yoo, mwana wanje," alisema polepole kwa Kiha, yaani mwanangu. Kisha akamgeukia Leodgar. "Mimi mtu mzima, mtendaji. Sikumbuki vizuri."

Nilimfuata nikamuuliza kwa sauti ya chini kama haoni aibu. Akanijibu bila kunitazama, "Nikisema nilimjua Ntahomvukiye, kesho wataniuliza na wangu wametoka wapi. Nina wajukuu kumi, mama." Nilimchukia. Baadaye nilimwelewa, nikaendelea kumchukia.

Nilipogeuka, Verediana alikuwa ameshaingia majini. Hakuvua gauni, hakulipandisha. Alikwenda akipapasa chini kwa nyayo, maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, mikono mipana ya lile gauni ikaelea pembeni yake. Wanawake wa dagaa waliacha kazi. Akapita mchikichi wa kwanza, akapita wa pili, akarudi, akazunguka. Nilimwita jina lake, hakugeuka. Hajui kuogelea, na mimi pia sijui.

Ghafla akapanda. Mguu mmoja, kisha wa pili, na akachomoza hadi mapajani, amesimama katikati ya maji, gauni limemgandama mwilini, anahema.

"Nimempata," alisema. Hakupiga kelele, ila maji yalituletea sauti. "Nimesimama juu yake. Msalaba umevunjika lakini kitako chake kipo, nakigusa kwa kidole. Mtendaji, njoo uguse."

Leodgar alisogea hadi mahali mchanga unapoanza kulowa, akasimama.

"Mama, naagizwa niandike nilichokiona."

"Vua viatu uje uone."

"Ninaona maji, mama." Sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa imechoka. "Wewe si wa kwanza. Kila mara kuna mtu ananionesha ziwa. Wenye ukweli na wenye uongo, wote wananionesha maji haya haya, na wote wanalia. Nikiingia kwa mmoja nitaingia kwa wote, na nikikosea mara moja, jalada linalofunguliwa ni langu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, amesimama juu ya babu yake, jambo ambalo kwetu mtu hulifanya kwa mzaha tu wa utotoni. Alimwomba radhi mzee kwa kumkanyaga. Alimwambia wanauliza wewe ni wa wapi, na mimi nimesahau kukuhamisha. Mzee Telesphory alifunika uso kwa kikapu chake. Hakuna aliyemfuata majini. Mwishowe alishuka mwenyewe akarudi nchi kavu, na Leodgar akampa mkono kumvuta, mkono uleule ambao haukugusa mhuri.

Boti ya kurudi ilikuwa imejaa. Nilimfunika kanga yangu, akawa anatetemeka nayo. Tulipopata mtandao simu yake ikalia mfululizo, jumbe za Yasmini, akazisikiliza zote akiwa ameishika sikioni, ila kwa ile sauti yake ya kufungulia nguvu nami nilisikia. Pasi imefika wapi, shoga yangu? Shuka nimeshazifua. Mlima jana ulitoa moshi mweupe, mzuri sana, sijui utaukuta. Hakujibu hata mmoja.

Baadaye akaniita.

"Marcelina. Nikifa msinizike karibu na maji. Mnipandishe mlimani kabisa, mmwage zege, mwandike jina kwa herufi kubwa. Watoto wangu wawe na mahali pa kuonesha kidole."

Nikamwambia anyamaze, hajafa.

"Sijafa," alisema, akikamua mkono wa gauni lake. "Lakini ndiyo safari niliyobaki nayo, ya kuipanga bila kuombwa pasi."