Ushahidi Dhidi ya Padi ya Kavinya

Wanyoike alikuwa na chumba cha gemu karibu na soko la mtaa wa Jericho, chenye runinga nne, mabenchi ya mbao na pazia zito la kuzuia jua. Vijana walimpenda. Hakuwa mtu wa makelele.

Miongoni mwa wateja wake alikuwa Kavinya, binti wa Mzee Kyule mchonga vinyago. Hakuna aliyemweza kwenye kandanda ya skrini, mpaka pikipiki ilipomgonga na mkono wake wa kushoto ukapooza. Baada ya hapo akawa anakuja tu kukaa na kutazama wenzake wakicheza.

Siku moja akaja na padi aliyoitengeneza mwenyewe, ile ya kushikwa mkononi ukicheza gemu. Hii haikushikwa. Aliichonga kwa mbao ya jacaranda ikae juu ya paja, na goti likiinama huku au kule, mchezaji naye anakimbia upande huo. Goti likafanya kazi ya kidole gumba cha kushoto. Mwanzoni ilimgomea kabisa. Kila asubuhi, kabla ya wateja kufika, Wanyoike alimfungulia mlango. "Jaribu mpaka ikubali," alimwambia. Hakuna mtu mwingine aliyeiona.

Ilipokubali, Kavinya aliomba hataza, akapewa haki kwamba uvumbuzi ule ni wake na hakuna wa kuutengeneza na kuuza bila idhini yake. Gazeti likamhoji. Wanyoike aliisoma habari ile mara mbili akitafuta jina lake. Halikuwemo. Jambo hilo lilimkaa rohoni.

Haukupita muda, kampuni moja ya mjini ikaanza kuuza padi za plastiki zinazoinama vilevile. Kavinya aliposhtaki, kampuni nayo ikaliomba baraza la hataza lifute haki yake, ikidai uvumbuzi wenyewe haukuwa mpya, kwamba watu walikuwa wakiutumia hadharani zamani. Ilichokosa ni shahidi. Ndipo Wandera, mtu wa kampuni, alipofika Jericho.

"Sema tu vijana walikuwa wakiichezea hapa kwako, miaka miwili kabla hajaiandikisha," alisema. "Tutakufanya wakala wetu mitaa yote ya Eastlands. Mashine mpya, kila kitu."

"Na Kavinya?"

"Kwani Kavinya alikutaja gazetini?"

Wanyoike akaanza kukunja nyaya za runinga, na Wandera akajua amemshika.

Siku ya kesi, maelezo ya Kavinya yalisomwa kwanza. "Wanyoike wa Jericho ndiye aliyenifungulia mlango nilipokuwa nimekata tamaa," yalisema. "Bila yeye nisingefika hapa." Masikio ya Wanyoike yakawaka moto. Angeweza kuinuka akaenda zake. Jina lake lilipoitwa alisimama, akashika Biblia, akasema yote aliyofunzwa. Sauti yake ilitoka safi, hata yeye akashangaa.

"Tutajie kijana mmoja aliyeichezea," wakili wa Kavinya alidai.

"Odera," akasema. Odera alikuwa ameshafariki, hangeweza kuulizwa.

Kavinya alimtazama, kisha akainamisha kichwa kama kwamba aliyeumbuka ni yeye.

Hataza ikafutwa. Mashine mpya zikafika, vijana wakajaa. Asubuhi moja Mzee Kyule akabisha hodi, kofia mkononi.

"Kijana wangu, nimekuja kukushukuru," alisema. "Kavinya ananiambia siku ya kesi ulikuwepo. Si kila mtu angeacha kazi yake amsindikize mwenzake. Kuna mtu alisimama pale akasema uongo, akatuharibia. Nimembembeleza anitajie ni nani, amekataa."

Mzee akampa mkono, naye akaupokea. Alipoondoka, Wanyoike alivuta pazia, akakaa pale gizani.

Alimweleza mkewe, Eve, akiwa anafua nguo uani. Eve alisikiliza mikono ikiwa ndani ya povu, mpaka aliposikia jina.

"Odera? Ulimtaja Odera? Na mama yake tunakaa naye benchi moja kanisani?"

Akaacha nguo kwenye beseni, akaingia ndani.

Wanyoike alimkuta Kavinya kwenye kibanda cha baba yake, akipiga msasa.

"Kavinya, nimekuja kukuomba—"

"Uliyasemea wapi yale maneno?"

"Barazani."

"Basi kaombe huko huko."

Akaenda. Aliapa upya, akaeleza yote, na mawakili wa kampuni wakamhoji kama mwizi wa kuku. Kesi ikasikilizwa upya, Kavinya akarudishiwa hataza yake. Mashine zilichukuliwa. Wanyoike aliambiwa kwamba huenda akashtakiwa kwa kuapa uongo, na bado anangoja. Kwa mama yake Odera alikwenda pia. Mama huyo alimwacha aseme mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Umemaliza?" na kumfungulia mlango atoke.

Mzee Kyule humwitikia salamu kwa kichwa tu. Kavinya hajakanyaga tena chumbani kwake. Wakikutana sokoni humsalimu kama anavyomsalimu mtu yeyote. "Sasa, Wanyoike."

"Poa," hujibu Wanyoike, na kuinamia nyanya za muuzaji, akizigeuzageuza kama anayechagua, mpaka Kavinya apite.