Lebo ya Mwisho ya Bwana Pini

Baba yangu mdogo amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba cha wadudu cha makumbusho, na anaogopa wadudu. Wakiwa wamekufa hana shida nao. Anawachoma pini, anawanyoosha miguu kwa kibano, anawapanga kwenye droo, ndiyo maana kazini tunamwita Bwana Pini. Lakini mende mmoja akikatiza jikoni kwake, mtu mzima anapanda kiti na kumwita mkewe. Mimi napokea wageni mlangoni mwa makumbusho hayo hayo, na siri hiyo nimemtunzia kadiri nilivyoweza, yaani nimewaambia watu wachache tu.

Chini ya kila mdudu hukaa lebo ndogo kama ukucha: mahali, tarehe, na jina la aliyemkamata. Zote huziandika yeye, na hapo ni mkali kweli. Mtafiti akileta panzi na kusema ametoka "bustanini", atahojiwa kama mshitakiwa. Bustanini wapi? Kwenye jani au kwenye ukuta? Maelfu ya majina yamepita mkononi mwake, na lake halimo hata mara moja, kwa sababu hajawahi kukamata kitu. Jambo hilo lilimuuma. Zikiwa zimebaki siku sita astaafu, aliniambia, "Mwanangu, nitaondoka humu kama sikuwahi kuwepo." Sikucheka. Hata mimi nina moyo.

Nafasi ilibaki moja. Jumamosi ile familia zilikaribishwa kutafuta wadudu uwanjani, na kila atakayekamata mdudu wa maana angeandikwa. Mama mdogo naye alikuja, kuwaona hao viumbe waliomchukulia mume miaka yote. Watoto waligeuza mawe, wakafukuza mijusi ukutani, wakabishana idadi ya popo chini ya paa. Bwana Pini alizunguka na wavu wake, akiinama pale tu alipohakikisha hapana kitu.

"Baba mdogo, hapo umeshatafuta mara nne," nikamwambia.

"Utafiti hauna haraka."

Mara mbawakawa wa kijani, mkubwa kama kokwa ya tende, akatua kwenye kola ya shati lake. Bwana Pini akakauka pale pale. Wavu ukamponyoka.

"Mama watoto," akanong'ona, "njoo. Njoo sasa hivi."

Mama mdogo akaja kwa mwendo wake wa siku zote, akamtoa mdudu kwa vidole viwili kama anayetoa uzi kwenye nguo.

Tulipompeleka mdudu ndani, mkuu wa idara alifurahi mno. Mbawakawa wa aina hiyo hatukuwa naye hata mmoja kutoka mjini. "Mzee, andika jina lako," akasema, akimpa kalamu. "Si ametua kwako? Nani atauliza?"

Nilimwona baba mdogo alivyoitamani kalamu ile. Kisha akatikisa kichwa. "Sikumkamata. Yeye ndiye aliyenikamata mimi." Akaandika majina yote matatu ya mkewe, polepole, machozi yakimlengalenga. Nilimhurumia mpaka nikamchukia mbawakawa wa watu, ambaye hakuwa na kosa.

Mama mdogo akavaa miwani, akaisoma lebo.

"Hapa penye mahali umeandika 'uwanjani'. Uwanjani wapi?"

"Aa, inatosha hiyo."

"Haitoshi. Nilimtoa kwenye jani gani? Ukuta gani? Umesumbua watu miaka thelathini, leo zamu ya mkeo ndiyo unaandika ilimradi?"

Mkuu wa idara akakohoa, akajifanya anaangalia dirisha. Kisha Bwana Pini akachukua lebo mpya, akarudia tarehe, akarudia majina ya mkewe, na penye mahali, kwa herufi ndogo kuliko zote alizowahi kuandika, akajaza: kwenye kola ya shati la, halafu jina lake mwenyewe, lote, mpaka la babu.