Bawa Aliloshona Baba

Jumamosi ile, kabla mambo hayajaharibika, baba alikuwa akinigombeza kwa sababu ya fundo. Ramadhani ilikaribia, watu walikuwa wakipanga karamu za vunja jungu, na duka letu la ushonaji pale Mji Mkongwe, chini ya nyumba yetu, lilijaa kanzu za Idi za watu wasiopenda kusubiri. Mimi, msichana mkubwa wa kuolewa, nilikuwa nimeshona mshono mrefu kwa mkono bila kuupiga mafundo. Baba aliufumua wote.

"Kila hatua na fundo lake, Zuwena," aliniambia. "Uzi ukikatika hapa, usiachie kule. Ndivyo tulivyoshona mabawa."

Habari za mabawa hayo tulizisikia tangu utotoni. Wakati wa Vita vya Mjerumani, baba akiwa kijana, Waingereza walimchukua bara kushona ndege zao za kivita, zile za mabawa mawili, moja juu ya jingine. Aina yake iliitwa BE2. Ilikuwa mbao, waya na kitambaa cha kitani. Mtazamaji alikaa mbele, rubani nyuma. Ilitulia sana hewani, na utulivu huohuo ndio ulioiponza kule Ulaya, maana ilipofukuzwa na ndege za Wajerumani haikuweza kukwepa. Huku kwetu Wajerumani hawakuwa na ndege za kuifukuza, basi ikaletwa. Adui wake akawa jua na mvua. Gundi iliachia, kitambaa kikalegea, na mafundi kama baba wakaitwa.

Alirudi na kipande cha bawa chenye duara za nyekundu, nyeupe na buluu, akakitundika juu ya cherehani. Alijivunia sana. Kila mteja alisimuliwa, atake asitake.

Kesho yake, Jumapili, tuliamshwa na milio ya bunduki kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Redio ikatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Mama akafunga madirisha.

"Kitoe kile kitambaa," alimwambia baba. "Watasema bendera ya Muingereza."

"Si bendera. Ile kazi yangu."

Wanamapinduzi walikuja mchana. Mmoja alikuwa na bunduki, wengine mapanga.

"Mzee, hii bendera ya nani?"

"Bawa la ndege hilo. Nimelishona mimi."

Mwenye bunduki alicheka. Alikishika kitambaa kwa mikono miwili, akavuta.

Kitambaa kilichanika. Mshono haukuachia.

Akavuta tena. Baba, Mungu amrehemu, akamwambia, "Hapo utachoka bure, mwanangu."

Nilitamani kumziba mdomo.

Walimpeleka kwenye lori. Kabla ya kupanda alinigeukia mimi, si mama.

"Malizia kanzu za watu," alisema.

Nilizimalizia. Baadhi ya wenyewe hawakuja kuzichukua, na baba hakurudi. Hatukuambiwa kosa lake wala alipozikwa. Kwa miaka mingi mama aliamini kwamba kitambaa ndicho kilichomponza. Mimi sijui. Walichukuliwa wengi ambao hawakuwa na kitambaa chochote ukutani.

Landani nilifika nikiwa nimeolewa. Tulipata flat mtaa wa Thamesmead, nikashona mapazia na sare za manesi, mpaka nikaajiriwa kwenye karakana iliyokuwa ikifufua ndege za kale kwa ajili ya makumbusho. Siku ya kwanza nilikuta mifupa ya bawa imelazwa mezani. Nikamuuliza msimamizi, Muingereza mmoja mpole, ni ndege gani. Akasema BE2. Nililia palepale mbele ya watu, na yeye akadhani nimejichoma sindano.

Bawa lile nililivisha kitambaa mimi, kila hatua na fundo lake. Lilitoka zuri, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu. Msimamizi alipitisha kidole kwenye mshono, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akaniuliza nimefundishwa wapi. Nikamwambia, "Unguja, kwa baba yangu." Sijawahi kujibu swali lolote kwa raha kama lile.

Karakana ilikuwa na mila yake. Kabla ya kufunga upande wa mwisho, aliyeshona huandika jina lake kwa penseli kwenye ubao wa ndani, ambapo hakuna atakayeliona mpaka bawa lifunguliwe tena. Mwanangu Rukia, aliyezaliwa hapahapa Landani, alikuwa amekuja kunipitia. Akachungulia begani kwangu, akasoma nilichoandika: Hemed bin Salim, fundi, Unguja.

"But Mama, umeshona wewe," alisema. "Why not your name?"

"Mimi nikifa utajua nimezikwa wapi," nilimjibu. "Babu yako hana mahali pengine palipoandikwa jina lake."

Rukia alinishikia kitambaa kikakaza, nami nikafunga, fundo kwa fundo.