Kreta Asiyoijua Laurencia

Laurencia, binti Bartolomeo wa Ganako, Karatu, alipopata nafasi ya kusoma kilimo Hungaria kwa ufadhili wa serikali, parokia nzima ilijua kabla yeye mwenyewe hajaacha kutetemeka. Padri alimwombea, shangazi akachinja mbuzi. Baba yake, mkulima wa mbaazi na mahindi asiye na maneno mengi, alimwambia jambo moja tu: asisahau alikotoka. Laurencia aliitikia kwa unyenyekevu, ingawa kichwa kilikuwa kimeshaanza kuvimba.

Baridi, alisema, haitamtisha. Mtoto wa Karatu amekua akinywa ukungu badala ya chai. Akabeba sweta moja. Theluji ya kwanza ilimkuta kituo cha basi, ikamgandisha yeye na majivuno yake. Wiki iliyofuata alikuwa akitembea ndani ya koti la kuazima, refu mpaka vifundoni, akifanana na gunia la mbaazi lililoota miguu.

Hilo lilikuwa dogo. Jumamosi moja wanafunzi wa kigeni waliombwa waeleze habari za makwao. Laurencia alionyesha ukutani picha ya Kreta ya Ngorongoro aliyoipakua mtandaoni, akaanza. Kreta ile, alisema, ni kama uwanja wa nyumbani kwao. Simba walikuwa wakimpisha njiani akienda shule. Kadiri macho ya wasikilizaji yalivyotanuka, ndivyo simba walivyoongezeka. Ukweli ni kwamba utotoni aliyapungia mkono magari ya watalii kila asubuhi, lakini hakuwahi kupanda hata moja. Mnyama wa porini aliyemfahamu ni tembo, tena kwa ubaya, yule atokaye msituni kuja kula mahindi ya baba yake.

Nyuma kabisa profesa mmoja mzee wa elimu ya udongo akanyoosha mkono. Alikuwa amewahi kufika Ngorongoro, akauliza kwa hamu siku hizi watu wanashukia kretani kwa njia ipi.

"Ile ya kanisani," Laurencia akajibu, akiitaja njia ya mteremko pekee aliyoijua, ya kwao Ganako.

Profesa alimtazama kidogo, akashukuru, akaketi. Hakumwumbua mbele za watu, na upole huo ndio uliomchoma Laurencia hadi Jumatatu, alipomfuata ofisini na kukiri kwamba hajawahi kushuka kretani maisha yake yote. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwuliza, sasa huko kwao wanaona nini?

Laurencia akamweleza habari za tembo. Jinsi majirani wanavyogonga madebe na kuwasha moto. Jinsi yeye alivyowahi kukimbia akajifungia kwenye banda la mbuzi, akasali rozari nzima, kumbe aliyekuwa akivunja mahindi ni ng'ombe wa jirani. Profesa akaagiza chai na kumwomba aendelee.

Likizo ya mwaka wa pili alirudi Ganako. Binamu yake Inosenti, dereva wa watalii, alikuwa na wageni wawili, mzee mmoja na mkewe, walioridhia apande nao kushuka kretani. Yule mama aliposikia kwamba Laurencia ni mzaliwa wa huko, alimgeukia akitaka maelezo. Ulimi ulimwasha. Inosenti akamtazama kwenye kioo.

"Samahani, mama," Laurencia akasema. "Hata mimi ndiyo mara yangu ya kwanza."

Mama yule alifurahi kana kwamba amepewa mjukuu. Tangu hapo mgeni ndiye aliyemtembeza mwenyeji: alimwazima darubini, akamsomea majina ya ndege kutoka kitabuni, na akamkemea alipotoa kichwa nje ya dirisha. Laurencia, msomi wa Ulaya, alitii kama mtoto wa chekechea. Tena mashimo ya njiani yalimchafua tumbo, na wakasimamishiwa gari kwa ajili yake, si kwa ajili ya chui.

Jioni Bartolomeo alitaka kusimuliwa. Laurencia akaeleza habari za nyumbu, viboko, na ziwa lililogeuka rangi kwa wingi wa ndege. Baba akauliza kama amemwona faru.

"Inosenti alinionyesha kwa mbali, baba. Mimi naona lilikuwa jiwe."

Bartolomeo alicheka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akapuliza chai. Baadaye akasema, bila kumtazama bintiye, kwamba hata yeye, na mvi zote hizo, hajawahi kushuka, na akauliza kama gari la Inosenti huwa linabakiwa na nafasi.