Siku Kinamasi Chetu Kilipoposwa

Mume wangu ni polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, na akishasema jambo amesema. Wiki ile alisema anauza kinamasi. Kiwanja chetu cha Luzira, tulichokipata vita vilipokwisha, nusu yake ni mafunjo yanayoshuka hadi ziwani, na mnunuzi angekuja Jumamosi, malori yake ya kifusi yako tayari. Nilimwambia maji machafu ya mjini yanachujwa pale. Nilimuuliza ndege watakwenda wapi. Akanijibu kwamba mimi Mkenya nirudi sokoni Nakivubo nikauze mitumba yangu. Nilikasirika, hata chai sikumpikia.

Nikawaendea akina mama wasuka mikeka, wake wa maaskari wa kambi ya jirani, ambao tangu zamani tuliwaruhusu kukata mafunjo kwetu. Kifusi kikimwagwa, nao kazi hawana. Kiongozi wao, mama mnene mwenye kicheko, akaniambia, "Wewe kaa kimya. Sisi tunakuja kwanjula."

Kwanjula ni ile siku watu wa bwana harusi wanapokwenda kwa wazazi wa binti kumwomba. Mume wangu si Muganda, lakini mabinti zetu wote waliombwa hivyo, na hakuna sherehe aliyoipenda kama ile. Siku hiyo baba ndiye mfalme.

Jumamosi asubuhi wakaja kwa mstari, wamevaa gomesi zao za kung'aa, vikapu vichwani: ndizi, sukari, sabuni, na jogoo mmoja mwenye hasira. Wakapiga magoti uani.

"Afande, tumekuja kuomba mutoto."

"Mutoto gani? Wasichana yangu yote iliisha olewa."

"Bado moja. Ile inakaa kule chini kwa maji, ya nywele mingi."

Akayatazama mafunjo. Nikaona masharubu yanacheza, nikajua tumempata. Akajiweka sawa kitini, akaanza kuwasumbua kama baba yeyote. Watamtunzaje? Watamchoma moto wakati wa kiangazi? Wakaapa kwamba watakata kwa zamu, huku wakivuna na kule pakipumzika. Upande wanaotagia ndege hawatagusa. Na mwenye kuja kumwaga takataka watamfukuza wenyewe. Alipotosheka akapokea vikapu. Na baba akishapokea vikapu, hawezi tena kumpa mtu mwingine binti huyo.

Mnunuzi alifika tukiwa tunakula. Mume wangu hata hakusimama.

"Umechelewa, ssebo. Huyu iko na bwana."

Nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Sijawahi kuwa na furaha kama ile katika nyumba hiyo, na nimezaa humo.

Miaka imepita, mafunjo yamesimama, mikeka inauzwa hadi Ggaba. Kila asubuhi mzee wangu huteremka na fimbo yake. Akikuta mfuko wa plastiki umenasa popote, huwaita akina mama kwa sauti ya gwaride: "Ni hivi munatunza mutoto yangu?" Nao hupiga magoti, wakicheka, wakauokota.

Mtu aliyetaka kumzika kwa kifusi!