Mkuku wa Chumba cha Maimuna

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1931. Alfajiri mvua ilinyunya kidogo mjini Kismayo, kisha jua likatoka kali. Upepo ulikuwa mwembamba, ukitokea kusini.

Siku hiyo Mwanalima binti Famau alikuwa na kazi moja tu: kukipanga chumba cha mwanawe Maimuna kabla ya adhuhuri. Maimuna alikuwa ameposwa na Husseini, muuza nguo wa Burgao. Desturi ni binti kuolewa akakaa nyumbani kwa mamake, lakini watu wa Burgao walileta neno: shangazi wa bwana harusi, Bi Mwanabibi, atakuja kukitazama chumba. Akiona hakikaliki, bibi harusi atahamia kwao. Mwanalima alikuwa mjane, na mtoto alikuwa huyo mmoja.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba. Upana wake ulikuwa urefu wa boriti moja ya mkoko, kama vyumba vyote vya mawe mjini. Mlango ulikuwa kaskazini, na dirisha moja kusini. Ulili, kitanda cha harusi, pamoja na pazia lake, ulikingama mbele ya dirisha, na kutani zilitundikwa sahani sitini za urithi, nyingine zikigusa boriti. Aliyeingia alihisi kaingia ghalani.

Mwanalima alikulia Kudhaa, binti wa fundi wa mashua. Kupanga vyumba hakufundishwa na mtu. Alichokijua ni kupakia chombo. Kwa hiyo jana yake alifuata maneno ya marehemu babake: mzigo mzito uwekwe chini, katikati, juu ya mkuku, mti ule mkubwa unaobeba chombo kizima. Akayapanga makasha mawili ya nguo katikati ya chumba, moja nyuma ya jingine. Maimuna akaingia na sinia la chai, akajigonga muundi, na chai yote ikaishia mkekani.

"Mama," alisema akiusugua mguu, "hiki ni chumba au mashua?"

Mwanalima alicheka, kisha akaketi kizingitini akafikiri. Chombo huenda, na mzigo hutulia. Chumba hutulia, na anayekwenda ni mtu. Basi mkuku wa chumba hauwezi kuwa kasha. Mkuku wa chumba ni njia ya mtu, kutoka mlangoni hadi dirishani, na njia ile yapita pia upepo na mwanga.

Ndiyo maana Jumatano hiyo alianza kwa kuvuta kamba kutoka mlango hadi dirisha. Chochote kilichoigusa kiliondoka. Ulili waliusogeza, yeye na Maimuna, ubavu wa magharibi, kichwa kaskazini, ili miguu ya mlalaji isielekee kibla. Makasha yakaenda ukuta wa pili, yakaegemezwa hapo chini. Kioo kirefu, kilichouzwa na karani mmoja wa Kitaliano aliyehamishwa, alikisimamisha karibu na dirisha, akakigeuza kidogo kidogo mpaka mwanga uliokipiga ukaruka kwenda kwenye kona ya mlangoni, iliyokuwa na giza miaka yote. Kisha akapanda kigoda na kuanza kuteremsha sahani.

Jirani yake Mwanapili alifika na kusimama mlangoni.

"Mama Maimuna, umeibiwa?"

"Sijaibiwa. Nazipumzisha."

"Dadangu, mchu akiingia ndani huhesabu sahani kwanza. Huyo wa Burgao atasema mmezila."

"Ahesabu. Zimo kashani, hazikukimbia."

Mwanapili alimtazama Maimuna, naye Maimuna akatazama sakafu. Mwanalima aliacha sahani tisa, zile za buluu, zote kwenye ukuta unaoonekana mtu anapoingia. Tatu juu, tatu kati, tatu chini. Ukuta wa pili aliuacha na chokaa yake tupu.

Bi Mwanabibi aliwasili jua likiwa utosini, mwanamke mnene, jasho likimtiririka shingoni. Hata salamu hazijaisha, kidole chake kilikuwa kimeshaanza kuhesabu.

"Mniwie radhi, macho hayana pazia," alisema. "Tisa?"

"Tisa, Bi Mwanabibi. Hamsini na moja zimo kashani. Nitakufungulia uzihesabu. Lakini umetoka juani, kaa kwanza."

Akamkalisha kwenye ulili. Upepo uliingia dirishani, ukapita njia yake bila kugonga kitu, ukatokea mlangoni. Bi Mwanabibi alilegeza mtandio. Aliuliza habari za mahari, akauliza habari za mvua, na swali la tatu likamwishia mdomoni. Mwanalima alipogeuka na kikombe cha maji, mgeni alikuwa ameegemea mto, anakoroma.

Hawakumwamsha hadi alasiri ilipoadhiniwa.

"Sikulala," alisema, akiutafuta mtandio. "Nilikuwa nikifikiri."

"Tulikusikia ukifikiri," alisema Mwanapili, aliyekuwa hajaondoka kwa kutaka kuona mwisho.

Bi Mwanabibi alimkazia macho, kisha akashindwa, akacheka mpaka ulili ukalia. Kasha hakuomba lifunguliwe. Aliutembea mkeka kutoka dirishani hadi mlangoni, taratibu, hakugusa kitu upande wowote.

"Kwetu kuna sahani thamanini," alisema, "na sijapata usingizi wa mchana tangu mwezi wa Ramadhani. Husseini atakaa hapa. Tena mwambieni shangazi yake atakuwa akija kumsalimu, mara kwa mara, wakati wa joto."

Asubuhi iliyofuata, baada ya sala, Mwanalima alikusanya nguo zake na mswaki wake, akahamia chumba kidogo cha uani ili maarusi waachiwe sehemu ya mbele. Kabla ya kutandika mkeka wake alisimama mlangoni mwa chumba hicho kwa muda, akiangalia jua laingilia wapi.