Nilichapisha stika za kukataza sigara nikiwa na fegi mdomoni

Wakuu, sasa. Hii ni yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Chekeni tu, mimi nishajicheka.

Nafanya kazi ya printing River Road, hapa Nairobi. Ile sheria ya kukataza kuvuta sigara public ilipoanza, kila ofisi na hoteli ilitaka stika za kuonya watu. Kwetu ilikuwa mavuno.

Shida ni kwamba mimi na mwenzangu Wafula tulikuwa tunavuta hapo hapo kwa mashine. Pakiti inaisha kabla ya lunch.

(Wenye wameshika thinner, ile ya kuosha wino na inayoshika moto haraka, wanajua huo ulikuwa ujinga. Mungu tu alitulinda.)

Siku moja nesi wa clinic fulani Hurlingham akakuja kuchukua order yake. Akafungua bahasha, akanusa.

"Fundi, hizi zinanuka sigara."

"Ni wino, madam."

Hakubishana. Nikaanza kukohoa, akangoja nimalize.

"Umekohoa hivyo tangu lini?"

Kusema ukweli sikuwa nakumbuka siku ambayo sikukohoa.

Akasema tuchapishe upya. "Na ukizileta Ijumaa, kaa kidogo tuongee. Hakuna mtu atakuhubiria."

Nilikasirika sana. Lakini Ijumaa nilienda.

Akanipa kabomba ka kupima mapafu nipulize. Nikapuliza kama mzee. Akasema bado sijachelewa: nichague siku, niache kubeba kiberiti, niambie watu wa nyumbani.

Jioni nikamwambia mke wangu, huko kwetu Kangemi, kwamba naacha sigara. Nilidhani atapiga vigelegele.

"Baba Kevin, unajua kwa nini huwa nalala nikiangalia ukuta?"

Miaka hiyo yote nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa anatafuta hewa.

Wakuu, hiyo iliniuma kuliko kifua.

Wiki ya kwanza niligombana na kila mtu, hadi customers. Wiki ya pili nikateleza. Nilinunua moja, nikaivuta nyuma ya choo nikiogopa kanjo, wale askari wa jiji, mtu mzima na familia. Haikuwa hata tamu.

Hapo ndio sheria ilinisaidia. Zamani ningewasha nikiwa nimekaa. Sasa hata kwetu kwa mashine imekatazwa; ukitaka moja lazima uache kazi, utembee mpaka smoking zone, usimame na watu usiowajua. Mara nyingi nilikuwa nasikia uvivu, na ile hamu inapita yenyewe. Uvivu wangu umeniokoa, imagine.

Leo nimefikisha miezi saba bila sigara. Napanda ngazi za jengo letu nikiongea.

Nimejifunza hivi: sheria ilinitoa moshi kwa mashine, lakini kuniachisha kabisa ilihitaji mtu wa kuniuliza swali bila kunidharau. Kama uko na mtu wako anavuta, usimtusi. Muulize, halafu ungoje jibu.

Wenye mmewacha, mlipitaje wiki ya pili? Na kama umeteleza jana, sema tu, hapa hakuna malaika.

Wafula amesema anaanza Jumatatu. Atasoma hii uzi kwa cyber lunch time, so mwandikieni kitu ya maana.